Sauti na Mstari: Kevin Coyne, Mwimbaji na Mchoraji

Wanaoandika habari za Kevin Coyne, Mwingereza aliyezaliwa Derby tarehe 27 Januari 1944 na kufariki Nuremberg, Ujerumani, tarehe 2 Desemba 2004, aghalabu huyagawa maisha yake mapande mawili. Pande la kwanza ni la mwimbaji wa bluzi, mwenye sauti ya kukwaruza na gitaa mkononi. Pande la pili ni la mchoraji na mtungaji wa hadithi aliyehamia nchi ya ugenini. Kati ya mapande hayo huwekwa kitenzi kimoja, nacho ni kugeuka: mwimbaji aligeuka mchoraji. Kitenzi hiki ni chepesi kutamka, lakini chadai mambo mawili yasiyokuwa kweli. Chadai kwamba kazi ya kwanza iliachwa, na kwamba kazi ya pili ilikuwa ngeni kwake. Coyne hakuacha kuimba mpaka mwaka wa kufa kwake. Na kuchora alianza kufunzwa shuleni mwaka 1957, miaka 12 kabla ya kutoka santuri yake ya kwanza.

Kitenzi kimfaacho zaidi ni kurudia. Neno hili katika Kiswahili lina maana mbili: kukirejea kitu kilichoachwa nyuma, na kulisema au kulitenda jambo mara ya pili. Maana zote mbili zamhusu, kwa kuwa aliurejea ufundi wa ujana wake, na kwa kuwa sanaa ya bluzi yenyewe imejengwa juu ya kulisema neno mara ya pili. Hata hivyo kubadili kitenzi hakutoshi. Yafaa kuulizwa ni haja gani iliyomrudisha mwimbaji huyu kwenye karatasi na rangi, hali sauti yake ilikuwa bado na nguvu. Jibu linalotolewa hapa ni la kisarufi. Taabu ya Coyne tangu mwanzo ilikuwa taabu ya nafsi, yaani ya nani asemaye "mimi" katika wimbo, na kwa haki gani.

Derby ni mji wa karakana za reli na wa mitambo ya Rolls-Royce, nao wajivunia mchoraji mmoja mkubwa, Joseph Wright, aliyeishi tangu 1734 hadi 1797 na kusifika kwa jinsi alivyochora mwanga wa mshumaa na wa tanuri. Shule ya sanaa iliyopewa jina lake ndiyo iliyompokea Coyne alipokuwa kijana wa miaka 13. Baada ya miaka minne aliingia chuo cha sanaa cha Derby, akasoma michoro ya uchapaji na uchoraji wa rangi mpaka mwaka 1965. Katika jambo hili hakuwa peke yake. Vyuo vya sanaa vya Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, vilikuwa malezi ya waimbaji wengi kuliko vyuo vya muziki. Eric Burdon alisomea michoro Newcastle, Keith Richards alikuwa Sidcup, Eric Clapton Kingston. John Mayall, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2024, alisoma chuo cha sanaa cha Manchester, akaishi kwa kazi ya michoro ya uchapaji kabla ya kuhamia London mwaka 1963, na baadaye akazichorea mwenyewe baadhi ya jalada za santuri zake. Basi kwa kizazi hicho mchoro ulitangulia na wimbo ukafuata. Ajabu ya Coyne ni jinsi alivyouacha mchoro na jinsi alivyourejea.

Bluzi waliyoipenda vijana hao ilitoka mbali. Ilikuwa sanaa ya Wamarekani weusi wa mashamba ya pamba ya Kusini, iliyohamia miji ya Kaskazini pamoja na watu wake. Umbo lake la kawaida lajulikana: ubeti una mistari mitatu katika vipimo 12 vya muziki, mstari wa kwanza husemwa, wa pili huurudia wa kwanza, na wa tatu hujibu. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili asidhani kwamba huu ni undugu wa kibwagizo. Kibwagizo hurudi mwishoni mwa ubeti na kulifunga shairi lote pamoja. Mstari wa bluzi hurudiwa papo hapo, kana kwamba msemaji hakusadikiwa mara ya kwanza. Tena wataalamu waliotafuta asili ya bluzi barani Afrika, kama vile Gerhard Kubik katika kitabu chake cha mwaka 1999, wameielekea zaidi nchi ya nyika ya Sudani ya Magharibi, wala si pwani ya Mashariki. Ulinganishi huu wasaidia kuona tofauti tu.

Lililo muhimu zaidi ni nafsi. Mwimbaji wa bluzi husema "mimi", na wanaomsikiliza huelewa kwamba "mimi" huyo ni wao pia. Muddy Waters alipoondoka Mississippi mwaka 1943 kwenda Chicago alikuwa mmoja wa maelfu waliofunga safari ile ile. Aliposema "mimi" alisema kwa idhini yao bila ya kuwaomba. Kijana wa Derby hakuwa na idhini hiyo. Wenzake wengi waliitatua shida hii kwa kuiga: walichukua lafudhi ya Kusini mwa Marekani, wakaimba habari za mito na reli ambazo hawakupata kuziona. Coyne alikataa njia hiyo. Aliimba kwa Kiingereza cha kwao, na ndipo ilipombidi atafute, katika nchi yake mwenyewe, watu ambao maneno ya bluzi yangekuwa kweli vinywani mwao.

Watu hao aliwapata hospitalini. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1968 alifanya kazi ya uuguzi na ya kuwasaidia wagonjwa wa akili katika hospitali ya Whittingham, karibu na mji wa Preston. Whittingham ilifunguliwa mwaka 1873, na kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, ikahesabiwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za namna yake nchini. Mwaka 1972 tume ya serikali ilitoa taarifa iliyothibitisha kwamba baadhi ya wagonjwa waliteswa, na kwamba wauguzi wanafunzi waliolalamika walinyamazishwa. Hospitali ilifungwa mwaka 1995. Coyne alipoondoka hapo alikwenda London, akafanya kazi ya kuwasaidia vijana waliotekwa na madawa ya kulevya, na huku akiimba. Pamoja na Dave Clague na Nick Cudworth aliunda bendi ya Siren, iliyochukuliwa na Dandelion, kampuni ndogo ya mtangazaji John Peel. Bendi hiyo ilitoa santuri mbili, mwaka 1969 na mwaka 1971. Ni bluzi nzuri ya Kiingereza, yenye kucheka na kukoroma, lakini haijapata bado jambo lake la kusema.

Jambo hilo lilipatikana katika santuri ya mwaka 1972 iitwayo Case History. Jina hili ni la daftari la daktari. Ni maelezo ya mgonjwa: umri wake, dalili zake, siku alipoingia, tabia yake wodini. Hati ya namna hiyo huandikwa katika nafsi ya tatu siku zote. Mgonjwa ni "yeye": yeye hali, yeye halali, yeye husikia sauti. Hata maneno aliyoyasema kwa kinywa chake huripotiwa, na kila yanaporipotiwa hupungua. Coyne alilichukua jina la hati hiyo akalitia juu ya nyimbo ambamo mgonjwa ni "mimi". Tendo hili ni dogo kisarufi, maana ni kubadili kiambishi kimoja cha kitenzi. Lakini ndani yake mna hukumu kamili juu ya hospitali. Mwaka ule ule ambao tume ya serikali ilikuwa ikiandika habari za wagonjwa kwa nafsi ya tatu, tena kwa uadilifu, muuguzi mmoja wa zamani alikuwa akiwasemea kwa nafsi ya kwanza. Hati zote mbili zilihitajika. Ile ya tume ilisomwa na Bunge. Santuri ilisikilizwa na wachache, kwa sababu Dandelion ilikuwa karibu kufa.

Namna ya upigaji wake yaendana na jambo hilo. Coyne hakujifunza vidole vya gitaa kama wafanyavyo wapigaji stadi. Alizilegeza na kuzikaza nyuzi mpaka zikatoa sauti moja iliyolingana zikiwa wazi, kisha akazibana zote pamoja kwa kidole gumba. Kwa hiyo muziki hauna mapambo ya kumficha msemaji. Ni kama ukuta uliopakwa chokaa, na mbele yake asimama mtu mmoja. Jukwaani aliongeza maneno papo hapo, akayavuruga aliyokwisha kuyatunga, hata wimbo ule ule haukuwa na matini moja iliyotulia. Mhakiki aliyezoea kushika matini iliyoandikwa atapata shida hapa, na yampasa kukiri kwamba sauti ni sehemu ya maana.

Mwaka 1973 kampuni ya Virgin ilitoa Marjory Razorblade, santuri mbili katika jalada moja, nayo ndiyo kazi yake inayotajwa zaidi. Humo mna "House on the Hill", wimbo wa mtu aliyefungiwa katika nyumba ya wagonjwa, ambao umesimama pamoja na kazi bora za bluzi ya Kiingereza kwa jinsi usivyoomba huruma. Lakini mna pia "Eastbourne Ladies", unaowadhihaki mabibi wa mji wa pwani wenye fedha na adabu. Wimbo huu wapendeza masikioni na umependwa na wengi. Hata hivyo hapa mwimbaji amehamia upande wa daktari. Mabibi wa Eastbourne hawasemi neno. Wao ni "wale", nao hutazamwa kwa mbali na kuchekwa. Tofauti ya nyimbo hizi mbili, zilizomo katika kazi moja, yaonyesha kwamba uwezo wa Coyne haukuwa katika kejeli. Alipokuwa mbali na mtu alimchora kwa haraka. Alipoingia ndani yake alimchora kwa haki.

Yasimuliwa kwamba baada ya kufa kwa Jim Morrison mwaka 1971 Coyne alishauriwa kuchukua nafasi yake katika bendi ya The Doors, akakataa. Kama ndivyo, kisa hiki chafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine kuliko ile ya kuchekesha. Mtu aliyekuwa radhi kuvaa nafsi za wasiosikilizwa hakuwa radhi kuvaa nafsi ya aliyekwisha kusikilizwa na dunia nzima.

Njia hiyo ilifika ukingoni mwaka 1979. Pamoja na mwimbaji wa Kijerumani Dagmar Krause alitoa Babble, mfululizo wa nyimbo za mapenzi ya watu wawili wapweke wanaopendana na kuumizana. Ilipotengenezewa onyesho la jukwaani, ilidokezwa kwamba wapenzi hao waweza kuwa Ian Brady na Myra Hindley, waliohukumiwa mwaka 1966 kwa kuwaua watoto. Magazeti yaliwaka moto. Ukumbi wa Theatre Royal wa Stratford, mashariki ya London, ulilifuta onyesho, likahamishiwa Oval House. Watetezi wa sanaa wamezoea kuitaja habari hii kama kisa cha magazeti yasiyojua kusikiliza, na kwa kiasi fulani wana haki, maana nyimbo zenyewe hazimtaji muuaji wala hazimsifu. Lakini lawama ilikuwa na mzizi usiofaa kudharauliwa. Mgonjwa wa Whittingham alikuwa amenyimwa nafsi ya kwanza na wenye nguvu. Kumpa ni kumrudishia mali yake. Muuaji wa watoto alikuwa amewanyima wengine nafsi zao kwa mikono yake. Kumpa "mimi" ya mapenzi, yenye uchungu na utamu, ni tendo la aina nyingine. Wazazi wa watoto wale walikuwa bado hai. Kanuni ya bluzi, kwamba asemaye "mimi" husema kwa ajili ya wote wasikiao, hapa ilivunjika, kwa kuwa wapo wasikiao waliokuwa na haki ya kusema: si kwa ajili yetu. Kazi hiyo ni ya ujasiri, na ni miongoni mwa zake zenye muziki safi kabisa. Lakini ilionyesha kwamba kiambishi cha nafsi ya kwanza si mali ya mtunzi kukigawa apendavyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Coyne mwenyewe alianguka. Ulevi na maradhi ya akili vilimfika yule aliyewahi kuwauguza wenye maradhi hayo, ndoa yake ikavunjika, na kampuni kubwa haikumtaka tena. Nyimbo za miaka hiyo, kama zile za Pointing the Finger ya mwaka 1981, zina ugumu wa kusikiliza usiotokana na ufundi. Nafsi ya kwanza ambayo zamani ilikuwa ya kuazima sasa ilikuwa yake, na mwimbaji hakuwa tena na umbali wa kuitawala. Mwaka 1985 alihamia Nuremberg, akaachana na pombe, na ndipo alipourejea mchoro kwa bidii ya kila siku. Alitoa pia vitabu vya hadithi, kikiwamo Show Business cha mwaka 1993, na michoro yake ikaonyeshwa katika miji ya Ulaya.

Nuremberg ni mji wa Albrecht Dürer, na ni rahisi kuandika kwamba mwana wa chuo cha michoro alikuja kuishi katika mji wa baba wa wachoraji wa mstari. Urahisi huo usimpoteze msomaji. Mstari wa Dürer hupima. Mstari wa Coyne hauna kipimo. Michoro yake ni ya watu zaidi ya vitu, na ya nyuso zaidi ya miili. Mistari yake ni ya haraka, kama ya mtoto, na rangi zake hazijali kivuli. Mtu aliyesomea ufundi huu kwa miaka minane hakuchora hivyo kwa kutojua. Aliyatupa aliyofunzwa, kama alivyoutupa ustadi wa vidole juu ya gitaa, ili pasiwe na pambo kati ya mtazamaji na uso.

Na hapa ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Mchoro hauna nafsi ya kisarufi. Uso uliochorwa hausemi "mimi", wala haumwambii mtazamaji "yeye". Katika wimbo, mwimbaji hana budi kuchagua: ama amsemee mgonjwa, ama amseme. Chaguo la kwanza laweza kuwa unyang'anyi, na la pili laweza kuwa kejeli. Babble ilifika hatari ya kwanza na "Eastbourne Ladies" hatari ya pili. Karatasini chaguo hilo halipo. Uso waonekana, watazama, na anayeutazama ndiye anayelazimika kuamua ni nani. Kwa mtu aliyefanya kazi ya miaka 20 akibeba sauti za wengine, kisha akazama katika sauti yake mwenyewe, kimya hicho kilikuwa pumziko, na tena kilikuwa hatua mbele katika kazi ile ile.

Haifuati kwamba michoro ni bora kuliko nyimbo. Kimya cha karatasi kina hasara yake. Bluzi hutembea katika wakati: mstari wa kwanza husemwa, wa pili huurudia, na kati ya hiyo miwili msikilizaji huwa amekwisha kubadilika kidogo. Uso uliochorwa hauwezi kumfanyia hivyo mtazamaji. Wasema mara moja. Coyne alijaribu kuiponya kasoro hii kwa kuchora nyuso nyingi, mfululizo, zenye kufanana, na anayezitazama pamoja ataiona mantiki ya kurudia. Anayeutazama mmoja peke yake ataona mchoro wa kupendeza, na pengine hataona zaidi. Mchoro wake wahitaji wimbo ubavuni mwake kuliko wimbo unavyohitaji mchoro. Hukumu hii si ya kumshusha. Ni kuonya tu dhidi ya maonyesho yanayozitundika nyuso hizo kana kwamba sauti haikuwapo.

Tena yeye mwenyewe hakuzitenga. Mwaka 1995 alitoa The Adventures of Crazy Frank, kazi iliyomhusu Frank Randle, mchekeshaji wa Lancashire, jimbo lile lile lenye hospitali ya Whittingham. Mwaka 2002 aligunduliwa kuwa na maradhi ya kukakamaa kwa mapafu, yaani maradhi yanayoiondoa pumzi ambayo ndiyo mali ya mwimbaji. Mchoraji angeweza kuendelea bila ya pumzi, na kama kweli alikuwa amegeuka, hapo ndipo ambapo gitaa lingewekwa chini. Coyne aliendelea kuimba mbele ya watu, akisaidiwa na hewa ya chupa, akatoa santuri ya Donut City mwaka 2004, na mwaka huo huo akafa.

Ushahidi huo watosha kuliondoa neno kugeuka katika habari zake. Wahakiki wanaotaka kumpima kwa haki yafaa waanze na Case History, ambayo ndiyo shina la kazi zake zote, kisha wasikilize "House on the Hill", kisha ndipo waziendee nyuso za Nuremberg. Wakifuata utaratibu huo wataona kwamba zile nyuso zisizosema ni za watu wale wale, na kwamba mchoraji aliwarudia baada ya kujifunza, kwa gharama kubwa, mahali ambapo mtu mwingine hafai kusemewa.